Mlango Uliotangulia Nyumba

Jumatatu, tarehe 3 Juni. Upepo mkali tangu alfajiri, wa kutoka upande wa milima, na vumbi jingi. Mvua hakuna. Jua lilikuwa likichungulia na kujificha kama mtoto aliyeambiwa asiwasumbue wageni.

Siku hiyo ndipo lori la kwanza lilipofika kwenye makazi mapya, na lilichelewa kwa sababu ya mlango. Juu ya mizigo yote, juu ya vitanda, masufuria, mabati na kuku waliofungwa miguu, kulikuwa na mlango mzima wa mbao, rangi ya kijani, umesimamishwa wima na kukazwa kwa kamba. Kila upepo ulipovuma, mlango uliupokea kwa kifua kipana, na lori likapepesuka kama mlevi. Dereva alisimamisha gari, akashuka, akatazama juu, akatoa nusu ya tusi na kuimeza nusu nyingine kwa sababu kulikuwa na akina mama.

"Huu mlango wa nani?"

"Wangu," akajibu mwanamke mwembamba aliyekaa chini yake, ameushika kama mtu anayempeleka mgonjwa hospitali.

"Ulaze basi!"

"Ukilala utakanyagwa. Mlango haukanyagwi, unapitwa."

"Na nyumba yake iko wapi?"

"Inakuja na lori la nyuma."

Watu wakaangua kicheko mpaka kuku nao wakaanza kupiga kelele. Hapakuwa na lori la nyuma. Kabla hawajavuka kijito, yule mwanamke alikwisha kupata jina, Bi Mlango, na tangu hapo hakuna aliyemwita kwa jina lingine. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, zuri tu, lakini lilibaki mjini pamoja na kuta.

Alikuwa dobi. Pasi yake ya mkaa ilikuwa nzito kama dhambi, na shati lililopita mikononi mwake lilikunjwa likakaa kama bahasha. Baba yake alikuwa mfyatua matofali, mtu aliyejenga nyumba za nusu mtaa na kufa akiwa mpangaji. Mama alipofariki, binti akachukuliwa na shangazi, akalazwa ukumbini nyuma ya pazia la maua. Alipokuwa msichana akapata kazi ya kufua kwenye hoteli ya karibu na stesheni. Wafuaji walilala kwenye chumba kimoja kirefu, shuka zikiwa zimetundikwa kati ya kitanda na kitanda. Akaolewa. Bwana harusi akampeleka kwa wakwe, na huko nako akakuta pazia, hili lilikuwa na picha za tausi. Mumewe alitoka jioni moja kwenda kununua kiberiti, na mpaka leo moto haujawashwa.

Alipochoka kumngoja akapanga chumba katika vile vyumba vya mstari mmoja nyuma ya stesheni. Chumba chenyewe kilikuwa cha kuweka kitanda na kugeuka. Lakini kilikuwa na mlango, mlango ulikuwa na kitasa, kitasa kilikuwa na ufunguo, na juu yake namba 14 kwa rangi nyeupe. Siku ya kwanza alifunga na kufungua, akafunga na kufungua, mpaka jirani akapiga kelele kuuliza kama kuna panya.

Mtu aliyelala maisha yake yote nyuma ya mlango hawezi kuelewa. Pazia halibishwi hodi. Mtu hulisukuma tu, kichwa kikaingia kabla ya salamu. Katika chumba namba kumi na nne, kwa mara ya kwanza, watu walisimama nje wakangoja Bi Mlango aseme karibu. Na akitaka, alikuwa anaweza kunyamaza.

Kisha ikaamuliwa vyumba vile vibomolewe ili kupisha maghala, na wapangaji wakaambiwa watapewa ardhi mpya kando ya msitu. Siku ya kuhama, mwenye nyumba alimkuta anahangaika na bawaba kwa kisu cha mezani.

"Mama, una wazimu gani?"

"Nyumba ni yako, bwana. Lakini huu tumezoeana."

Mwenye nyumba akamtazama, akacheka, akaenda kumletea bisibisi.

Hiyo ardhi mpya ilikuwa kichaka kilichokatwa nusu. Visiki kila mahali, nyasi za kufika kiunoni, kijito cha maji ya baridi upande wa chini, na vigingi vyeupe vya wapimaji vimechomoza hapa na pale kama meno ya kikongwe. Watu walitandaza maturubai, wakaweka vyungu mahali na vitanda mahali, wakaanza kubishana ni wapi patapita barabara. Bi Mlango hakubishana na mtu. Alichagua sehemu iliyoinuka kidogo, akamwita fundi seremala, akamwambia amchimbie mashimo mawili ya miimo, zile nguzo za kushikia mlango.

Fundi seremala alikuwa mwanamume mpole, mseja, mwenye penseli sikioni mchana na usiku. Watu walimwita Penseli na kusema alizaliwa nayo.

"Dada, kwa kawaida tunaanza na msingi," akasema.

"Kwa kawaida ya nani?"

Penseli akakuna kichwa kwa ile penseli, akaona ukweli wa jambo lile, akachimba. Jioni mlango wa kijani ulikuwa umesimama kwenye fremu yake katikati ya nyasi, mbele kichaka, nyuma kitanda, turubai, beseni na pasi. Bi Mlango akaingia, akafunga kwa ufunguo, akaketi. Watu walimwonea huruma kidogo, wakamcheka sana, wakaenda kula.

Walicheka kwa siku chache tu. Dereva alirudi na magunia ya unga, akasimama kwenye ngazi ya lori, akakohoa kikubwa.

"Bwana ardhi anawasalimu! Anasema atakuja mwenyewe Jumatano ya mwisho wa mwezi kugawa viwanja. Na atagawa kwa milango. Kila mlango, kiwanja kimoja. Asiye na mlango, hana kiwanja!"

Hakuongeza neno wala hakupunguza. Tatizo lilikuwa neno lenyewe. Bwana ardhi alikuwa mtu wa desturi za kale, na kwao mlango ni watu: baba, mama, watoto, kizazi cha nyumba moja. Hawa walikuwa wapangaji wa mjini. Mlango waliokuwa wakiujua wao ni ule unaopakwa rangi.

Kisha wote, kama waliovutwa kwa kamba moja, wakageuka kuutazama mlango wa kijani.

"Ee, mwenzangu!" akasema jirani yake, Mama Pacha, mwanamke mnene mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya kijito, mume mmoja na watoto saba, wawili wao wa siku moja. "Kumbe ulikuwa unajua!"

"Nilijua nini?"

"Anajifanya hajui! Huyu ana mtu serikalini, nyie! Huyu ana shemeji ofisini!"

Hapo ndipo wazimu ulipoingia makazini. Mashamba yaliachwa, visiki viliachwa, hata choo cha jumuiya kilichokuwa kimefika kiunoni kiliachwa kiunoni. Watu wote walitaka mlango. Kwa Penseli palikuwa na foleni tangu asubuhi. Meza zikakatwa miguu zikawa milango. Vichwa vya vitanda vikaunganishwa vikawa milango. Mtu mmoja alileta ubao mrefu mzuri, na dereva alihangaika siku mbili kuutafuta ubao wa nyuma wa lori lake. Mama Pacha alitoa mlango wa kabati lake la nguo, wenye kioo cha kujitazama, akaufanya mlango wa mbele. Kila aliyekwenda kubisha hodi kwake alijikuta anajikaribisha mwenyewe.

Kuta hakuna aliyejenga. Kuta zinataka udongo, udongo unataka maji, maji yanataka mtu wa kuyateka, na watu wote walikuwa kwenye foleni ya Penseli. Katikati ya mwezi, uwazi ule wote ulikuwa umejaa milango iliyosimama peke yake, mirefu, mifupi, ya bati, ya mbao, mmoja wa gunia lililopigwa misumari kwenye fito, na upepo ukivuma yote ilikuwa ikijibizana, bam, bam, bam, kama mkutano usio na mwenyekiti.

Na adabu ikaja na milango. Hakuna aliyeitangaza. Ilianzia kwa Bi Mlango, siku Mama Pacha alipokwenda kuomba chumvi. Alikuwa akimwona mwenzake waziwazi, ameketi kwenye sanduku anakunja shuka, lakini miguu ilipofika kwenye mlango ule ilisimama yenyewe.

"Hodi!"

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"We! Si unaniona?"

"Naona miguu tu chini ya mlango. Miguu ya hivyo iko mingi."

Mama Pacha akacheka mpaka akashika mwimo. Akakaribishwa, akapita mlangoni, akapewa chumvi, akatoka mlangoni. Njiani akamkuta mwanawe anakatiza kwa pembeni, akampiga kofi la mgongo. "Rudi! Unaingia kwa watu kwa kupitia ukutani, wewe mchawi?"

Basi ikawa hivyo. Watoto waliambiwa wafute miguu. Kuku walifukuzwa wapite mlangoni. Siku Mama Pacha alipogombana na mumewe, alimfungia nje kutwa nzima, na yule bwana, mtu mzima mwenye ndevu, alikaa upande wa pili wa kioo akiibembeleza sura yake mwenyewe. "Nifungulie, mama watoto, jua linaniua." Kulia kwake kulikuwa wazi, kushoto kwake kulikuwa wazi, angeweza kupita na ng'ombe. Hakupita. Wapita njia walimpa pole.

Dereva peke yake ndiye aliyekataa. Siku moja alileta mashati yake kwa Bi Mlango, akazunguka mlango akatokea ndani.

"Habari za hapa?"

Bi Mlango hakuinua macho kwenye pasi. "Penseli!" akaita. "Njoo, kuna mwizi kwangu!"

"Mwizi gani, dada, mimi dereva!"

"Mgeni anapita mlangoni. Aliyeingia bila hodi ni mwizi, na wewe umekuja na mzigo kabisa."

Watu wakaanza kuchungulia. Ikabidi dereva azunguke tena, asimame mbele, abishe hodi. Alifanya hivyo, lakini lilimkaa moyoni.

Ndiyo maana Jumanne, siku moja kabla ya kuja kwa bwana ardhi, aliposhuka kwenye lori na kuuona ule msitu wa milango, hakuwapa taarifa polepole. Alikuwa ametumwa kuuliza makazi yana milango mingapi, na bwana ardhi akamfafanulia, na alipokumbuka alichokiona, alicheka tangu mjini. Alicheka akishika usukani, akatoka machozi.

"Mlango ni watu!" akasema alipopata pumzi. "Watu! Baba, mama, watoto! Jamaa wa chungu kimoja! Nyie mmekata meza za watu bure!"

Watu walitazamana. Kisha mume wa Mama Pacha akaanza kucheka, na kicheko kikapita kutoka mlango hadi mlango, kwa kuwa kwao halikuharibika neno: mbao walikuwa nazo, na watu walikuwa nao. Kwa tafsiri yoyote walihesabika.

"Na wasio na watu?" akauliza Bi Mlango.

Dereva akajifuta macho. "Walio peke yao watarudishwa mjini. Kuna bweni. Kitanda kwa kitanda, safi kabisa, na katikati wanaweka pazia."

Kicheko kilikwisha kwa wengine mmoja mmoja, na kwa Bi Mlango kilikuwa hakijaanza. Walio peke yao makazini walikuwa wawili: yeye na Penseli.

Mama Pacha alimfuata palepale. Alibisha hodi, akaingia, akaketi kitandani kikalia.

"Sikiliza, mwenzangu. Utaandikwa kwetu. Utakuwa dada wa mume wangu. Watoto watakuita shangazi, tena wanakuita tayari."

"Na nitalala wapi?"

"Tutapata pa kulala. Tutakukatia kona, tutaweka…" Akasita, akauma ulimi.

"Pazia," akasema Bi Mlango.

Alipoondoka, akaja Penseli. Alisimama nje muda mrefu kabla ya kubisha, kofia mkononi. Alikuwa na habari zake mwenyewe za kuchekesha: alitengeneza milango ya makazi mazima na kwake hakuwa na hata komeo. Kinyozi hajinyoi.

"Dada, nimefikiri. Tukijiandikisha pamoja, tunakuwa mlango mmoja. Kwa karatasi tu."

"Na utakoroma kwa karatasi tu?"

"Mimi sikoromi."

"Mkoromaji hajisikii."

Penseli akacheka chini chini, akatazama viatu vyake. Bi Mlango aliona kwamba haikuwa kwa karatasi tu, naye akalainisha sauti.

"Si kwamba wewe ni mbaya, Penseli. Lakini nikiingia kwenye kiwanja kwa jina la mtu mwingine, hilo nalo ni pazia. Limeandikwa kwa wino tu. Nataka mtu aje, asimame pale, aseme hodi, ajue anayesubiriwa kujibu ni mimi."

"Basi kesho sote wawili bweni," akasema Penseli.

"Wewe lete mafuta tu. Kitasa kinakwama kwa vumbi. Mgeni asije akatukuta na kitasa kinacholia."

Penseli akachukua ufunguo aende kuusugua kutu na kuupaka mafuta. Kumbukeni huo ufunguo.

Jumatano kulikucha shwari, anga jeupe, upepo umelala kama mtu aliyeshiba. Bi Mlango alipiga pasi kila kitu chenye kupigika: shuka, kitambaa cha meza, leso, hata gunia alilokuwa akikanyagia. Akafunga mlango kwa kuusukuma mpaka ukajibana wenyewe, akaketi kwenye sanduku akafanya mazoezi ya hotuba. Alikuwa na hotuba ndefu. Ilianza na "Mheshimiwa" na ilikuwa na mfyatua matofali ndani yake, na mapazia yote matatu kwa rangi zake.

Bwana ardhi aliwasili na lori kabla ya joto. Alikuwa mzee wa makamo, mrefu, kofia pana, viatu vilivyong'arishwa, mtu wa kusalimia hata kisiki. Dereva alitembea mbele yake akishika mwavuli na kueleza kila kitu, huku makazi yote yakifuata nyuma.

Walipofika kwenye mwinuko, dereva akanyoosha mkono. "Hapa bwana hakuna nyumba wala jamaa. Mtu mmoja tu. Pita huku pembeni, njia ni fupi."

Mwenyewe akazunguka, akaingia kwa Bi Mlango kutoka ubavuni, akasimama karibu na beseni kama aliyeota pale. Lakini bwana ardhi hakumfuata. Alikuwa amefika mbele ya mlango. Uso wake ulikuwa bado umeinama anasoma karatasi, na mwili, ambao mama yake aliufundisha adabu kabla haujajua kusoma, ukafanya mambo yake. Ulivua kofia. Ulifuta viatu kwenye nyasi. Ukainua mkono ukagonga.

"Hodi."

Bi Mlango alifungua mdomo na hotuba yote ikawa imekwenda. Mheshimiwa alikwenda, mfyatua matofali alikwenda, hata karibu ilikwenda.

"Hodi," ya pili.

"Itikia!" akanong'ona Mama Pacha kwa ile sauti yake, na nusu ya makazi wakashtuka. Kila mtu alijua: hodi ni tatu. Ya tatu ikikosa jibu, mgeni mwenye adabu anageuka anaondoka, na mwenye nyumba hana wa kumlaumu.

Bwana ardhi akasubiri kwa heshima. Akagonga tena.

"Hodi jamani, wenyewe wapo?"

"KARIBU!" Bi Mlango alilipuka kwa sauti ambayo hakujua anayo. Ndege waliondoka kwenye mti. Akaruka, akashika kitasa, akavuta. Mlango ulikataa. Akavuta tena. Kule kujibana kwake asubuhi, kumbe ulimi wa kitasa ulikuwa umetoka ukajifunga, na ufunguo hakuwa nao.

"Ngoja kidogo, bwana! Penseli! Penseli, ufunguo!"

Penseli alikuja mbio kutoka upande wa chini, penseli ikimdondoka njiani, ufunguo unang'aa kwa mafuta. Alifika mbele ya mlango, upande wa nje, akahema, akauweka kwenye kiganja cha bwana ardhi kwa sababu ndicho kiganja alichokikuta.

Watu wote walitazama. Bwana ardhi alikuwa na ufunguo mkononi, na tundu la ufunguo lilikuwa mbele ya tumbo lake. Kulia hakukuwa na ukuta. Kushoto hakukuwa na ukuta. Dereva, kutoka ndani, alimwonyesha kwa mikono yote miwili jinsi ya kuzunguka.

Bwana ardhi alitikisa kichwa kama aliyeambiwa jambo la aibu. Akachutama, magoti yakalia, akausukuma ufunguo kwa kidole chini ya mlango.

"Mwenye nyumba afungue mwenyewe," akasema.

Bi Mlango aliusikia ufunguo ukiteleza kwenye kizingiti, na alilisikia lile neno. Akaokota vyote viwili. Alifungua, kitasa kikazunguka bila kulia, na bwana ardhi akainama kidogo kwa sababu ya urefu wake, akaingia.

Alikaribishwa kwenye sanduku. Alipewa chai. Alinyoosha karatasi kwenye goti.

"Mama, baba yuko wapi?"

"Alikwenda kununua kiberiti."

"Atarudi saa ngapi?"

"Kwa jinsi alivyokwenda, bwana, nadhani alikwenda kukitengeneza."

Nje kikapita kicheko kikamezwa. Bwana ardhi akaficha mdomo kwenye kikombe.

"Watoto?"

"Sina."

"Ah." Akaiweka chai chini. Alikuwa mtu mwema na jambo hili halikumpendeza. "Basi, mama, mimi nimeelekezwa. Mlango ni watu. Nikikuta mtu mmoja, siwezi kusema nimekuta nyumba. Hapa, kwa utaratibu, nimekuta pori."

Hapo hotuba ilirudi, lakini siyo ile. Ilikuwa fupi.

"Bwana, umebisha hodi mara tatu. Ulikuwa unalibishia pori?"

Bwana ardhi akaitazama karatasi yake.

"Halafu umekataa ufunguo. Umesema mwenye nyumba afungue. Kama hapa hakuna nyumba, nani amekufungulia? Na tangu uingie unaniita mama, na huku unaniuliza watoto wako wapi. Mimi sikukuomba uniite hivyo. Ni kinywa chako kilichoona vizuri."

Bwana ardhi aliutazama mlango. Akatazama kushoto kwake kwenye nyasi, kulia kwake kwenye nyasi. Akamtazama dereva pale kwenye beseni.

"Na wewe umeingilia wapi?"

"Mimi? Nimepita… nimepita tu hapo, bwana."

"Umepita ukutani kwa watu?"

Mabega yakaanza kumtikisika bwana ardhi. Akajaribu kukohoa, ikashindikana. Alicheka mpaka kofia ikaanguka kwenye beseni, na alipoanza yeye, makazi yote yaliyokuwa yamebana pumzi yakapasuka. Mume wa Mama Pacha alikaa chini kabisa, na watoto saba walirukaruka bila kujua wanacheka nini.

"Kweli," akasema mwishowe, akijifuta macho kwa leso iliyopigwa pasi aliyopewa. "Mtu habishi hodi porini. Nimebisha, nimeitikiwa, nimekaribishwa. Huu ni mlango. Namba ngapi?"

"Si imeandikwa hapo?"

Akageuka, akasoma, akaandika kumi na nne. Na kwa kuwa hicho ndicho kiwanja cha kwanza kuandikwa siku ile, cha Mama Pacha kikawa cha kumi na tano, na hesabu ikaendelea mbele. Mpaka leo makazi yale hayana namba moja, na mgeni akiitafuta anaambiwa ilibaki mjini.

Kuna mmoja aliyekuwa hacheki, kwa sababu hakuwa na nafasi. Wakati wengine wanajifuta machozi, Penseli alionekana akishuka mwinuko kwa mbio. Msafara ulipofika kwake baadaye, ulikuta meza ya useremala imesimamishwa wima, miguu yake minne imeelekea ndani, na kutoka nyuma yake kunasikika mtu anahema. Bwana ardhi alisimama, akavua kofia iliyolowa, akagonga kwenye ubao wa meza.

"Hodi."

"Karibu," ikasema meza.

Alhamisi, tarehe 27 Juni. Ukungu mwepesi asubuhi, umande mwingi, upepo hakuna. Bi Mlango aliamka, akafungua mlango kwa ufunguo, akafagia kizingiti, kwanza ndani, halafu nje. Penseli alikuja na fito begani, akabisha, akauliza waanze na ukuta upi. Alimwambia aanze anapopenda, mradi asiuguse mwimo. Kisha alichukua ndoo kwenda kijitoni kuteka maji ya udongo. Akafunga mlango, akavaa ufunguo shingoni. Alipofika kwenye visiki aliweka ndoo chini, akarudi mpaka mlangoni, akajaribu kitasa. Kilikuwa kimefungwa. Akaenda kuteka maji.